Ndaa ya Data Mwezi wa Tumu

Kiingereza cha bibi yangu ni cha jikoni. Alipikia Wazungu miaka mingi kule Nyali, na mpaka leo akisikia "hangri", "thasti", "fidi" au "oili", hata awe katikati ya tasbihi, atageuza shingo. Maneno mengine yote ya lugha hiyo kwake ni upepo wa kusi, wavuma wapita.

Mimi kazi yangu ni kukusanya sauti za watu wakizungumza Kimvita, ili kompyuta zifunzwe lugha yetu. Mikutano na wakubwa wa Nairobi huwa alasiri, kwa video, na chumba changu pale Kibokoni dirisha lake latazamana na baraza. Ramadhani ile joto lilikuwa halisemeki. Dirisha nikaliacha wazi.

Sasa, watu wa kazi hii hawajui kuitaja data bila kutaja tumbo. Mashine ina njaa, mashine ina kiu, mashine ilishwe. Hata GPT-3, ile mashine ya lugha ya mwaka 2020, iliyofunzwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, kama bilioni 300, wao husema ilikuwa ikionja tu. Siku hiyo mkubwa akauliza timu ya Mombasa ina hamu kiasi gani. Nami, koo limekauka kwa saumu lakini sifa nazitaka, nikapaza sauti kwa Kiingereza cha puani: "We are hungry! We are thirsty! We are starving for data! Feed us!"

Barazani kukanyamaza ji. Kisha kikasikika kikohozi cha Ami, kile cha kuashiria kwamba mtu keshaaibisha ukoo.

Mkubwa akafurahi, akaongeza ule msemo wa Mwingereza Clive Humby wa mwaka 2006: "Data is the new oil!" Yaani data ndiyo mafuta ya siku hizi. Spika yangu nayo haijui kunong'ona.

Mlango ukasukumwa. Bibi kaingia na sinia: viazi karai vya futari, vimetoka motoni sasa hivi, rojo bado yafuka moshi, na jagi la maji ya ukwaju. Akaliweka mbele ya kamera.

"Una n'ni, mwanangu? Kama waumwa, kula, siku utailipa. Lakini kupigia watu ukelele dirishani, a-a!"

"Bibi, mimi sina ndaa."

"Nimekusikia kwa masikio yangu! Hangri umesema, thasti umesema! Na huyu bwana ataka mafuta ya n'ni? Karai langu limejaa."

Nairobi hakuna aliyezima kamera. Mmoja akauliza kwa adabu kama hivyo ni viazi karai. Mkubwa, ambaye hafungi, akameza mate mbele ya kamati nzima. Bibi akamsogelea kwenye skrini, akamkagua.

"Huyu ndiye mwenye ndaa. Mtazame mato."

Hapo Ami akaingia na jamaa wa barazani, mmoja kabeba chupa ya kombe, yale maji ya aya za dawa. Walikuwa washakubaliana kwamba ama nimekula mchana au nimepandwa. Wote wakajipanga nyuma yangu, wakamsalimu mkubwa "Salaam aleikum", naye akaitikia huku jicho liko kwenye sinia.

"Ami, ni njaa ya data," nikasema. "Data tu."

Ami akanitazama kwa muda. Akatoa simu mfukoni.

"Waya wa intaneti umetoka Fujairah, ukapita chini ya bahari yote ile, ukatua hapa hapa Mombasa tangu 2009. Nawe wakaa hapa wafa na ndaa ya data? Si ungesema! Nambari yako ni ile ile?"

Simu yangu ikalia. Bando la shilingi 50, mwisho saa sita usiku. Jamaa wa kombe naye akatoa simu yake, thawabu za mwezi mtukufu haziachwi.

Bibi akabeba sinia lake, akasimama mlangoni.

"Na yule wa Nairobi mtilieni pia. Masikini, amekonda."