Tundu la Hamburg, tundu la Mikindani

Juzi dalali mmoja hapa Mtwara alimrudishia bibi wa watu heller yake, ile sarafu ndogo ya shaba ya enzi za Mjerumani, kwa kuisukuma mezani na ncha ya kidole, kama anayefukuza nzi. "Bibi, hii imechoka. Tena imetobolewa. Haina soko." Bibi akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake Mikindani. Hasira zimebaki na mimi.

Kabla hajaondoka nilimwomba niitazame. Shaba imeiva, kahawia iliyokolea. Taji la Kaiser limelika, limebaki umbo tu. Deutsch Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, unaisoma kwa kuinamisha sarafu kwenye mwanga, na tarakimu ya mwisho ya mwaka imeshakwenda. Juu ya taji kuna kitundu cha msumari. Kingo zake nazo zimelainika, kwa hiyo uzi umepita hapo miaka na miaka. Kuna mtoto aliivaa shingoni.

Sasa kasome orodha za minada ya ng'ambo. Kipimo cha hali ya sarafu ni 1 mpaka 70, urithi wa Mmarekani William Sheldon, aliyekitoa mwaka 1949 kwa ajili ya zile senti kubwa za shaba za zamani za kwao. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijatumika. Shaba ina mtihani wa ziada wa rangi: ikibaki nyekundu kama ilivyotoka mtamboni, bei juu, ikiwa kahawia, bei chini. Kwa hiyo heller inayoheshimiwa kuliko zote ni ile ambayo haikununua hata kibaba cha chumvi! Imelala kwenye droo ya mtu huko Ujerumani zaidi ya miaka mia, leo ndiyo inaitwa shahidi wa koloni letu. Iliyozunguka Lindi na Kilwa enzi kodi ya Mjerumani inadaiwa taslimu, enzi Wamatumbi wanainuka mwaka 1905 kuanza Maji Maji, hiyo inaitwa mbovu.

Na hilo tundu! Heller 5 za mwaka 1913 zilitoka kiwandani Berlin na Hamburg zikiwa na tundu katikati, hakuna anayelalamika. Tundu la Hamburg ni ufundi, tundu la Mikindani ni uharibifu. Sarafu ikitoka kwa mkusanyaji mwenye jina, jina lake linaandikwa na bei inapanda. Ikitoka kwenye pindo la kanga, inaandikwa "imetobolewa", basi. Kwa nini historia ya droo ihesabiwe na historia ya shingo isihesabiwe?

Haya, nakubali, shingo upande: bila madaraja, mnunuzi aliye mbali angeuziwa bandia kila siku. Na ninyi mnaosugua shaba kwa ndimu na majivu ili ing'ae, acheni. Mnachubua ngozi ya sarafu, na mkaguzi anaijua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitupia jicho tu.

Lakini wenye kipimo wanajua kulegeza wakitaka. Heller 20 za Tabora, zilizopigwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli Mjerumani akiwa amebanwa na vita, ni mbayambaya: zimepinda, herufi hazikukaa sawa. Wakusanyaji wanazipenda hivyo hivyo, mpaka wanatofautisha taji kubwa na taji dogo. Kumbe ubovu wenye hadithi unalipa. Basi na wa Mikindani uandikwe: ulivaliwa, ulivaliwa wapi, ulivaliwa na nani kama familia inakumbuka.

Vile vishaba vya masultani wa Kilwa mnavyookota ufukweni maji yakitoka ni habari nyingine kabisa. Vile vina umri wa karne nyingi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Msiniletee niwatafutie mteja.

Na wale wa rupia ya kuvuta mchele, ule utapeli wa sarafu eti yenye nguvu za ajabu, namba yangu ifuteni.