Mwezi Uko Mbali, Dogo

Ukimwambia mtu unakwenda kupiga picha za harusi, atakuuliza tu kama ubwabwa utakuwepo. Ukimwambia unakwenda kupiga picha ya mwezi, anageuka mtaalamu palepale. Atakwambia utafute lenzi ndefu, ndefu kabisa, ile ya wapiga picha wa simba kule Serengeti.

Mimi mwezi sikuwa na shida nao. Nilikuwa nalitaka duara, ile pete ya mwanga inayouzunguka mwezi mpevu pale wingu jembamba la juu linapotanda mbingu nzima. Kuna bwana mmoja, mchapishaji wa kalenda za ukutani, aliniahidi pesa ya kueleweka nikimpelekea picha hiyo. Akasisitiza: iwe ya kamera, si ya simu, yeye hafanyi biashara na picha za simu.

Sasa duara hilo lina kipimo chake, na halipungui kwa kubembelezwa. Kule juu wingu ni chembe za barafu zenye pande sita, na mwanga wa mwezi ukipenya humo unapinda kiasi cha digrii 22. Barafu kabisa, juu ya Dar es Salaam hii ambayo shati linalowa ukiwa umekaa tu. Ukitaka kuhakiki, nyoosha mkono angani, tanua kiganja shubiri nzima, uweke kidole gumba juu ya mwezi: ncha ya kidole cha mwisho itafika kwenye ukingo wa duara, au karibu na hapo. Na hiyo ni nusu. Kutoka upande hadi upande ni digrii 44, wakati mwezi wenyewe ni nusu digrii tu, kitu cha kufunikwa na ukucha.

Kwa hiyo mahesabu niliyafanya. Namba ya lenzi ni milimita: ikiwa ndogo inaona eneo pana, ikiwa kubwa inavuta cha mbali na kuona kipande kidogo tu. Kwenye kamera ya fulufremu, ile yenye kinasa picha cha ukubwa wa filamu ya zamani, lenzi ya 24 inalibeba duara lote na nafasi kidogo inabaki. Ya 28 inalibana. Ya 35 inalikata juu na chini. Zangu ni 50 na 85, lenzi za maharusi na keki, hazisaidii kitu hapo. Nikaamua nikodi ya 14, ili na mapaa ya Magomeni na minazi miwili mitatu iingie, picha iwe na kwao.

Siku yenyewe ilijileta. Alasiri jua lilikuwa na pete, na mwezi ulikuwa wa kumi na nne. Wingu la namna hiyo halina adabu, linaweza kuondoka kabla hujafunga kamba za viatu. Nikamwandikia haraka jamaa anayekodisha vifaa: "Kaka, naomba lenzi ya 14 usiku wa leo, kuna picha ya mwezi." Akajibu kwa kidole gumba. Nikatuma pesa. Isha inaingia, bodaboda huyo mlangoni, mgongoni kabeba mkoba ambao ningeambiwa una jenereta ningekubali.

Moyo ulishtuka kidogo, lakini nikajipa matumaini kwamba labda wameifungia vizuri. Nikapanda juu kwenye paa la zege, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo. Kuangalia juu, duara hilo hapo! Limekamilika, ukingo wa ndani una wekundu kwa mbali, mwezi umekaa katikati kama bibi harusi. Nikafungua mkoba. Ikatoka lenzi nyeupe yenye urefu wa mkono wa mtoto, ya kuzumu kuanzia 100 hadi 400. Chini yake karatasi ya daftari, mwandiko wa wino wa bluu:

"Dogo, umeandika 14, nimejua ni kukosea. Mwezi uko mbali. Nimekuwekea hii kwa bei ileile. Usijali, sisi ni ndugu."

Nikampigia. Hapatikani. Nikampigia tena. Hapatikani, na nusu ya mji ikisikia jinsi ninavyoongea peke yangu juu ya paa. Ni kweli mwezi uko mbali, kilomita 384,000 na ushee. Lakini duara haliko huko! Duara liko kwenye wingu, kilomita kumi hivi juu ya vichwa vyetu, safari ya mwendokasi kutoka Magomeni hadi Kimara.

Sikuwa na njia nyingine, nikaifunga kamera kwenye stendi. Kwenye 400 nikapata mashimo ya mwezi, safi, unaweza kuyahesabu. Nikairudisha hadi 100, mwisho wa uwezo wake. Hata hapo, nikiuweka mwezi ukingoni mwa picha, pete ya upande wa pili haifiki. Simu yangu nayo kamera yake ina ukungu tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, kila unachopiga kinatoka kama ndoto.

Basi nikasema nitapiga vipande vipande, nizungushe duara lote, kompyuta itaunganisha. Nikaanzia juu, nikaja kushoto, mambo mazuri. Tatizo ni ukingo wa chini. Mwezi haukuwa umepanda sana, kwa hiyo duara upande wa chini lilikuwa linagusa ghorofa jipya la jirani. Na mimi, kwa utulivu wa kazi, jicho kwenye kamera, nikawa nateremsha lile bomba jeupe taratibu, taratibu, dirisha baada ya dirisha.

"Wewe! Wewe kijana wa matangi! Unachungulia nini humu ndani?"

Mama mmoja, khanga kifuani, mwiko mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo mama, napiga duara." Sijui nilitegemea nini kutokana na jibu hilo. Pazia likafungwa, dirisha la pembeni likafunguka, la juu yake nalo, na kabla sijamaliza kuikunja stendi nikasikia ndala zinapanda ngazi zetu. Mjumbe. Nyuma yake vijana wawili na watoto wasio na idadi, maana watoto wa Magomeni hawalali panapokuwa na tukio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo bunduki ya nini?"

Nikamweleza kwa heshima zote. Nikamwonyesha angani. Akatazama juu, akaliona duara, akakubali kwamba ni kweli lipo. Kisha akainama kwenye kamera, akakaa humo muda mrefu, mikono mgongoni.

"Mwezi nimeuona. Una ndui. Pete iko wapi?"

"Pete ni kubwa, mzee, haiingii."

"Haiingii kwenye dude lote hili?"

"Dude lenyewe ndiyo shida. Ilitakiwa ndogo."

Akanitazama kama anayetafuta harufu ya pombe. Lakini mashimo ya mwezi yalikuwa yamemkolea, akainama tena. Akaita watoto waangalie, mmoja mmoja, bila kusukumana. Foleni ikafika ngazini. Yule mama wa mwiko naye akaja, sasa amejitanda vizuri, akaangalia, akasema subhanallah, akaomba kurudia. Kila nikisogelea kamera yangu naambiwa, "Subiri, huyu bado hajaona."

Wakati huo binti wa yule mama alikuwa amejilaza chali juu ya zege, karibu na tangi. Simu yake ni ya kawaida, kioo kina nyufa. Akajisogeza mpaka kona ya tangi ikauziba mwezi wenyewe, mwanga mkali ukapungua, duara likabaki peke yake limetanda. Yaani hata hilo la kuuziba mwezi hakufundishwa na mtu! Akabonyeza. Akaangalia, akatabasamu, akatuma kwenye kundi la mtaa. Kamera za simu nyingi zina upana kama wa lenzi ya 24 au 26. Duara lote lilikuwa humo, na kamba za nguo, na kofia ya mjumbe.

Walipoteremka, wingu nalo liliteremka nao. Usiku kucha nikashinda na kompyuta. Programu ikavikataa vipande vyote vya anga, eti haioni pa kuviunganishia, anga tupu zinafanana. Ikaunganisha vile vya ukingo wa chini tu. Nikapata picha moja ndefu, kali ajabu, ya madirisha ya ghorofa la jirani na sufuria zake.

Asubuhi bwana wa kalenda akanipigia, sauti ya furaha. Nikadhani ananiulizia. "Kuna picha ya duara inazunguka kwenye simu za watu, kali sana. Nasikia imepigwa mtaani kwenu. Hebu nitafutie namba ya huyo mpiga picha."

Nikamtafutia. Kisha nikabeba jenereta langu hadi dukani. Jamaa akanipokea kwa mikono miwili, akaniletea na kiti.

"Vipi dogo, ulipata?"

"Sikupata, kaka. Duara lilikuwa kubwa, halikuingia kwenye lenzi."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa.

"Pole sana. Na mimi nilijua tu 400 itakuwa ndogo. Siku nyingine niambie mapema, kuna ya 600."