Kinywa cha Bibi wa Vietnam

Mimi ni mtu wa kuingiza sauti. Nilianzia kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video, cha Mbagala, nikitafsiri mikanda ya mapigano ya Kichina, na Kichina chenyewe sikijui. Mtu akipigwa teke nilisema "utajuta kuzaliwa", akianguka nikasema "si nilikwambia", na watoto walitoka wameridhika. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba kuna filamu ya safari ya kuizunguka Vietnam, dakika ishirini na kitu, inatakiwa iongee Kiswahili, swali langu lilikuwa la hela tu.

Wenye kazi walikuwa wanunuzi wa korosho. Korosho ghafi za kusini nyingi hupandishwa meli zikabanguliwe Asia, na Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho iliyokwisha kubanguliwa. Mkulima wa Newala anaijua Vietnam kama anavyomjua shemeji wa mbali: jina analisikia kila msimu wa mnada, sura hajawahi kuiona. Wazo lao lilikuwa zuri. Watatundika shuka jeupe uwanjani, wawashe jenereta, wananchi waione nchi inayotafuna jasho lao. Na atakuwepo mgeni kutoka huko huko. "Kwa hiyo majina yatamke vizuri," yule bwana alisisitiza. "Usituletee mambo ya kibandani."

Hapo ndipo nilipoponzeka. Ningefanya mambo ya kibandani, yasingenikuta.

Studio yangu ni kabati la nguo. Nimelisukumia kona, nimelizungushia magodoro mawili, naingia na kipaza sauti na tochi ya simu, nafunga mlango. Mchana Mbagala haina ukimya wa kuuza, hivyo narekodi usiku. Filamu ilianzia Ha Giang, kaskazini kabisa mpakani na China, kwenye milima iliyochongwa matuta ya mpunga kama ngazi za kupandia mbinguni, na barabara ya Ma Pi Leng inayoning'inia juu ya bonde la mto Nho Que mpaka magoti yananilegea mimi niliyekaa kabatini. Katika maelezo ya mpunga mlikuwa na neno mạ, yaani mche. Nikalitafuta mtandaoni nilitamke sawasawa.

Ndugu zangu, Kivietnamu kina kidatu. Sisi tuna barabara ya kupita magari na barábara ya kusema "sawasawa", basi, tumemaliza, na hata hiyo inatutatiza. Wenzetu silabi moja wana namna sita za kuipandisha na kuishusha. Ma ni mzimu. Má ni mama. Mà ni lakini. Mả ni kaburi. Mã ni farasi. Mạ, ile iliyokatwa kooni kama mtu aliyepaliwa, ndiyo mche wa mpunga. Nikikosea, nawaambia wakulima kwamba Wavietnamu wanapanda mizimu shambani.

Basi nikafanya mazoezi. Saa nane usiku, nimejifungia kabatini: maa, ma? maaa, ma! maa-a, mạ. Tena. Maa, ma? maaa.

Sasa lazima mjue kwamba juzi yake mbuzi wa jirani alikuwa amepotea.

Nilikuwa nimemaliza kurekodi nikatoka kuja kwenye kompyuta, maana yule bwana alinitumia ujumbe kwamba kile kipande cha Hanoi, cha namna ya kuvuka barabara katikati ya pikipiki, ni kirefu na wakulima hawana haja nacho. Dakika tatu. Nikaikata picha. Sauti ipo kwenye mstari wake chini, nayo inatakiwa kukatwa hapo hapo. Mkono uko kwenye kitufe. Mlango ukagongwa.

Ulinzi shirikishi, watu watano, marungu mkononi, na mama mwenye nyumba nyuma yao amejifunga kanga mbili. "Fungua kabati."

"Jamani, hamna kitu humo."

"Tumemsikia kwa masikio yetu. Fungua kabati, kijana."

Walilifungua wenyewe. Wakaona magodoro, shati langu la sikukuu na kipaza sauti. Mmoja akaingiza mkono nyuma ya magodoro akapapasa, maana mbuzi anaweza kukondeana. Nikaona bora nieleze ukweli, kwamba nilikuwa najifunza lugha ya Vietnam, nikawatolea na mfano. Hilo lilikuwa kosa. Yule mzee wao aliniangalia kwa huruma, akamwambia mama mwenye nyumba pole pole, kama mimi siko pale: "Huyu mpeleke kwao wakamuangalie."

Waliondoka saa kumi. Basi la kusini linatoka alfajiri. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaona picha imekatwa vizuri, nikahifadhi, nikatia kwenye flashi. Sauti sikuigusa. Nilikumbuka kila kitu usiku ule isipokuwa kile nilichokuwa nafanya.

Nililala njia nzima mpaka Mtwara, kisha tukaupanda uwanda wa Makonde, jioni tukawa kijijini. Uwanja umejaa. Wazee mbele kwenye mabenchi, akina mama kwenye mikeka, watoto kwenye matawi ya mikorosho. Mgeni wetu, bwana mmoja mfupi mwenye tabasamu la kudumu, aliketishwa pembeni ya mwenyekiti wa kijiji. Mimi nikapewa kiti cha plastiki karibu na shuka, kwa heshima ya fundi.

Ha Giang ilikwenda vizuri. Matuta yalipotokea wazee walinong'ona, wakisifia mtu anayelima ukuta. Nikasikia sauti yangu ikisema mạ, imekatika kooni barabara, na mgeni akatikisa kichwa. Nikakunja nne.

Picha iliyofuata ni harusi. Kijiji cha bonde la Mto Mwekundu, bibi harusi kavaa áo dài, lile gauni refu la kwao, nyekundu, anaingia ukweni, mama mkwe kasimama mlangoni na ukoo mzima nyuma yake. Sauti yangu, nzito, ya mtu mwenye busara zake, ikasema:

"Hapa hakuna taa wala trafiki wa kukuonea huruma. Ukitaka kuvuka, usisimame, usikimbie, na hata iweje usirudi nyuma. Songa pole pole, uwaangalie usoni. Wao ndio watakaokukwepa."

Akina mama kwenye mikeka wakapiga vigelegele. Mmoja akasema kwa sauti, "Mwambie huyo! Hakuna kurudi nyuma!" Mimi jasho la kwanza lilitoka mgongoni. Kila kisa katika ile filamu kilikuwa na dakika tatu hivi, na nilikata dakika tatu. Ningekata moja, maneno yangepishana kidogo yakasameheka. Lakini nilikuwa nimeyasukuma kisa kizima, sawia, kama aliyepima kwa rula.

Nikamkimbilia kijana wa projekta. Akaniambia kompyuta si yake na maelekezo aliyopewa ni kubonyeza mara moja tu.

Akatokea nyati. Nyati wa kufugwa wa huko, pembe zimerudi nyuma, yuko kwenye tope, kasuku wa ng'ombe, samahani, yangeyange, kamkalia mgongoni. (Hata leo nikisimulia nachanganya ndege.) Sauti ikaendelea: "Bibi harusi ameamshwa tangu alfajiri akaogeshwa na kupambwa. Wakwe wameleta sinia za tambuu na popoo, maana bila tambuu Mvietnamu wa zamani haanzi mazungumzo, sembuse ndoa. Mtazameni anavyoona haya."

Nyati akapiga chafya.

Mzee mmoja wa mbele akageuka. "Mwanangu, huyu ndiye anayeolewa?"

"Shikamoo babu. Hapana, babu, sauti imeteleza kidogo."

"Marahaba. Aa, mimi nauliza tu. Mila za watu haziingiliwi."

Ikaja ghuba ya Ha Long. Bahari ya kijani, na vile visiwa vya mawe ya chokaa vinavyochomoza majini, vimeinama inama, mamia kwa mamia. Na sauti: "Huyu ndiye mtaji wa familia. Wao husema nyati ndiye kichwa cha mali yote. Jua likiwa kali hujizamisha majini mwili mzima, ukaona migongo tu."

Ukimya. Halafu mtoto kutoka juu ya mkorosho: "Lo! Wote wale?"

Nitasema ukweli wangu, pale hata mimi niliiona ile migongo. Nimeitazama Ha Long mara ishirini kabatini, nimesema ni visiwa, na usiku ule nikaona kundi la nyati limelala baharini mpaka upeo wa macho. Lakini raha hiyo ilidumu nusu dakika, kwa sababu nilikuwa najua kinachofuata.

Kinachofuata ni bibi wa kijiji cha Chuong, karibu na Hanoi, kijiji kinachosifika kwa kushona zile kofia za pembe, nón lá. Amekaa kibarazani, ana miaka themanini na zaidi, anapiga pasi majani ya mti wa jamii ya mnyaa kwa chuma cha moto, kisha anayashona juu ya pete kumi na sita za mianzi, moja baada ya nyingine. Uso wake wote ni mikunjo, mzuri kuliko maelezo. Na mimi nikamwelezea hivi:

"Mnachokiona hapa ni kazi ya maji na upepo kwa mamilioni ya miaka. Chini pamelika, juu pamebaki pembe. Mwaka 1994 UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Jina lake maana yake ni Joka Lishukapo. Watalii wengi hupenda kulala hapa usiku mmoja."

Nilifunika uso. Nilisikia uwanja ukilipuka, mabenchi yakilia, na mama mmoja akimwambia mumewe, "Na wewe kalale huko huko!" Kupitia vidole nilimchungulia mgeni. Tabasamu lile lile. Nikajipa moyo kwamba Kiswahili chake ni cha "mambo" na "poa", kwa hiyo anadhani tumefurahia utamaduni.

Halafu likaja pango. Son Doong, lililoko mbuga ya Phong Nha-Ke Bang, ndilo pango kubwa kuliko yote yanayojulikana duniani: mahali pengine dari liko zaidi ya mita 200 juu, mto unapita ndani, msitu umeota pale paa lilipoporomoka, na mawingu hujiunda humo humo. Kamera ilikuwa inaingia taratibu kutokea mlangoni, watu wanaonekana kama siafu. Na mimi:

"Bibi huyu ametafuna tambuu tangu usichana. Akicheka mtaona kinywa chekundu, na meno aliyoyatia weusi, maana zamani meno meusi ndiyo yaliyokuwa urembo. Haya, bibi, fungua kinywa kidogo tuone."

Kamera ikaingia ndani zaidi. Popo wakatoka.

Mzee wa mbele alianguka kutoka kwenye benchi. Sitii chumvi, alianguka, wakamwinua, akaanguka tena. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anajifuta machozi kwa karatasi ya hotuba yake.

Kilibaki kipande cha mwisho, kile ambacho wenye kazi walikilipia hasa: kiwanda cha kubangulia korosho kule Binh Phuoc. Magunia yanashuka, ghala linapokea, mashine zinapasua maganda, akina dada wenye barakoa wanachambua. Yule bwana aliyenipa kazi alisimama kabisa, kama kwenye wimbo wa taifa. Sauti ikatoa maelezo ya pango:

"Mwanakijiji mmoja alifika mlangoni hapa kwa bahati, karibu mwaka 1990, akikimbia dhoruba. Alisikia upepo mkali na ngurumo ndani, akaogopa, akarudi nyumbani. Baadaye akaitafuta njia asiione. Ilimchukua miaka mingi kupaona tena. Humu ndani mna giza, na ukubwa wake ni wa kumeza jengo la ghorofa 40."

Wakati huo kwenye shuka gunia lilikuwa linaingia ghalani.

Kama umewahi kupeleka korosho mnadani ukasubiri malipo, sina haja ya kukueleza. Safari hii hawakucheka mara moja. Walipiga makofi kwanza. Wakasimama. Mzee aliyeanguka aliinua mkono akasema, "Huyo aliyesikia ngurumo akarudi na gunia lake ndiye mwenye akili!" Ndipo kicheko kikaja, kikatoka kijiji hicho, nadhani kikavuka Ruvuma kikasikika Msumbiji.

Yule bwana alinitafuta kwa macho. Mimi nilikwisha hama kwenye kiti cha plastiki, niko nyuma ya jenereta. Malipo yangu yalikatwa nusu, na sikubisha.

Nikaona hata hivyo siwezi kuondoka bila kumtaka radhi mgeni. Wavietnamu, kama sisi na shikamoo yetu, hawasalimiani hivi hivi. Lazima ujue umri, ndipo umwite kaka, ami, babu au mdogo wangu. Nikamkadiria, nikaona ananizidi kidogo, kaka. Nikamwendea, nikainama, nikatoa ile salamu niliyoifanyia mazoezi njiani: "Cháo anh."

Akaniangalia. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka chenye lafudhi ya Mtwara: "Salamu ni chào. Ulichosema wewe ni 'uji, kaka'."

Ardhi haikupasuka.

"Nanunua korosho huku msimu wa saba sasa," akaongeza.

"Kwa hiyo umesikia yote?"

"Yote. Flashi unayo hapo?" Akatoa kompyuta yake mkobani, lile tabasamu halijasogea. "Nataka nimpelekee bibi yangu. Kijijini kwetu yeye ndiye mwenye kinywa hicho."