Kabla ya Kumtafutia Mtoto Dawa ya Tabia

Huku Pemba, mtoto mwenye ulemavu wa akili akianza kujipiga au kung'ata wenzake, washauri hawakosekani. Huyu atasema kombe, yaani aya za Kurani zinazoandikwa sahanini, zikaoshwa na kunywewa, yule bakora, mwengine afungiwe ndani mpaka atulie. Siku hizi wapo pia wanaosema akitulia apewe peremende. Dua naiheshimu, bakora naikataa moja kwa moja, na hata hiyo peremende naona isianze kabla hatujajua mtoto anajipiga kwa nini.

Kwanza atazamwe meno, masikio na tumbo. Asiyeweza kusema jino linamuuma huenda akajipiga shavu, na huyo anataka daktari.

Akiwa mzima wa mwili, ndipo tuitazame tabia. Watoto wawili wa darasa moja wanatupa madaftari. Wa kwanza hutupa kila akipewa hesabu zinazomshinda. Mwalimu akimtoa nje amempa alichokitaka, na kesho atatupa tena. Wa pili hutupa mwalimu akiwa anashughulika na wengine. Akitolewa nje pengine ataacha, lakini bado hajui njia nyengine ya kumwita mwalimu. Kwa hiyo naomba wazazi na walimu waweke daftari: nini kilitangulia, alifanya nini, kilifuata nini. Waandike nyumbani na skuli, kisha walinganishe.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985 huko Marekani, wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand waliwafundisha watoto wanne maneno ya kuombea kile walichokuwa wakikitafuta kwa vurugu. Anayekimbia kazi ngumu alifundishwa kusema haelewi. Anayetaka kutazamwa, kuuliza kama kazi yake ni nzuri. Vurugu zilipungua sana. Kwa asiyesema, ishara ya mkono au picha hufaa pia.

Linaloniuma zaidi ni watu wazima. Mtu ana ndevu zake, anapangiwa zawadi na adhabu kwa sababu tu anapunga mikono barazani na wageni wanamtazama. Anamdhuru nani? Hilo aachiwe. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaka huduma za afya zitolewe kwa ridhaa ya mwenyewe. Basi kikao cha kumpangia kikikaa, naye awemo, pamoja na mtu anayemwamini, aulizwe kwa maneno mepesi au kwa picha. Akitikisa kichwa kukataa, iandikwe kuwa amekataa, na mpango ubadilishwe.