Mada za mkutano wa wanafunzi: tuanzie Iran au Nakivale?

Walimu wanaoandaa mikutano ya wanafunzi ya kuiga Umoja wa Mataifa hapa Uganda hugawanyika mapema, hata kamati hazijapata wenyeviti. Wanagawanyika juu ya mada. Wapo wanaotaka silaha za nyuklia, mzozo wa Bahari ya Kusini ya China na kura ya turufu ya Baraza la Usalama. Wengine wanasema tuna wakimbizi wa makazi kama Nakivale, mafuta ghafi na maji ya Nile, tunakwenda mbali kutafuta nini? Mimi ni wa kundi hili la pili, ingawa la kwanza halisemi upuuzi.

Hoja yao yenye uzito ni kwamba mwanafunzi asiye na ndugu wala shamba katika ugomvi husoma mkataba kama ulivyoandikwa. Anajifunza kuisemea nchi asiyoipenda, na hiyo ndiyo kazi ya balozi. Isitoshe, Uganda ilipokaa katika Baraza la Usalama mwaka 2009 na 2010 haikujadili mambo ya Maziwa Makuu peke yake. Juni 2010 ilipiga kura ya ndiyo kuunga mkono azimio namba 1929 la kuiongezea Iran vikwazo. Kijana anayetamani kuiwakilisha nchi hii New York hawezi kuyakwepa mambo hayo.

Tatizo linaonekana ukumbini. Mada ikiwa ya mbali, wajumbe huinua vibao vyao mmoja baada ya mwingine na kusema jambo lile lile: pande husika zirudi kwenye meza ya mazungumzo. Azimio linapita kwa makofi, na hakuna nchi iliyoahidi hata senti moja.

Sasa weka mezani swali hili: je, nchi tajiri zilazimishwe kisheria kuchangia gharama za wakimbizi wanaohifadhiwa na wengine? Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda watakako, na kwenye makazi yao familia hugawiwa kipande cha ardhi. Kule Bidi Bidi, wilayani Yumbe, kipande hicho kilikuwa cha mita 30 kwa 30. Ukishajenga nyumba, jiko na choo, kinachobaki ni matuta machache ya maharage, kwa hiyo familia inaendelea kutegemea mgao wa chakula. Na mgao unakatwa mara kwa mara kwa sababu wafadhili hutoa wanapotaka. Makubaliano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi ya mwaka 2018 yanahimiza kugawana mzigo, lakini hayamfungi yeyote. Mkutano wa mshikamano na wakimbizi uliofanyika Kampala Juni 2017 ulitafuta dola bilioni 2, ukaambulia ahadi za takriban milioni 350.

Mwanafunzi anayekalia kiti cha Ujerumani, mojawapo ya nchi wafadhili, naye ana la kujibu. Mwaka 2018 wakimbizi waliokuwa Uganda walihakikiwa upya kwa alama za vidole, na hesabu iliyokuwa milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Mlipa kodi wa Berlin ana haki ya kuuliza fedha za wale waliokosekana zilikwenda wapi. Halafu kuna hoja inayonisumbua zaidi: mchango ukishakuwa wa lazima, unaweza kugeuka bei ya kufunga mlango. Uingereza ilikubaliana na Rwanda mwaka 2022 kupeleka huko waomba hifadhi kwa malipo, mpaka Mahakama yake ya Juu ikaamua Novemba 2023 kwamba mpango huo si halali. Bado naona mchango wa lazima ni wa haki, mradi fedha isichukue nafasi ya haki ya mtu kubisha hodi.

Bomba la mafuta linafaa vilevile. Litakuwa na urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa Septemba 2022, likitaja haki za watu na mazingira. Watetezi wake huuliza kwa nini nchi iliyochafua hewa kidogo kiasi hiki iambiwe iache mafuta yake ardhini. Kiti kigumu kuliko vyote hapa ni cha Ufaransa. Mwaka 2017 ilitunga sheria ya kukomesha uchimbaji wa mafuta katika ardhi yake ifikapo 2040, na kampuni yake ya TotalEnergies ndiyo yenye hisa kubwa katika bomba hili, asilimia 62. Mwanafunzi atakayekalia kiti hicho hana pa kujificha.

Nile nayo ina pande mbili za kweli: Misri na Sudan ziligawana maji mwaka 1959 kabla Uganda haijapata uhuru, lakini Misri haina mto mwingine wa kuitegemea.

Wanaoogopa mada za nyumbani wako sahihi kwa jambo moja. Shuleni mwetu wamo vijana waliokimbia Kivu, mashariki mwa Kongo, pamoja na wazazi wao, na Kiswahili chao ni fasaha kuliko cha wengi wetu. Wasipangiwe kiti cha Kongo ili wageuke mashahidi wa machungu yao mbele ya wenzao. Kijana huyo apewe Ujerumani, aulize habari za ile hesabu ya 2018. Mtoto wa Isingiro, ambako wenyeji na makazi ya Nakivale wanagawana ardhi na maji, apewe kiti cha shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Na kanuni za mkutano ziseme wazi kwamba rasimu ya azimio isiyotaja nani atalipa, na kiasi gani, haipigiwi kura.