Mgeni wa Kandambili Naye Akae Mbele

Katika makanisa mengi hapa Mombasa, wageni huombwa wasimame, wataje majina na walikotoka, kisha wapigiwe makofi. Desturi hii naipenda. Lakini hebu angalia ni nani hasimami. Ni yule kijana aliyejibanza nyuma karibu na mlango, kandambili zimelika upande mmoja. Ni yule dada aliyeshuka basi la usiku kutoka bara kuja kutafuta kazi ya nyumba, na hapa hajui mtu. Mhudumu wa mlangoni aliyemsindikiza mheshimiwa mpaka kiti cha mbele hakuwaambia hawa hata "karibu".

Yakobo aliliona jambo hili mapema. Katika sura ya pili ya waraka wake, mwenye pete ya dhahabu anapewa mahali pazuri, na maskini anaambiwa asimame kule au akae chini miguuni. Yakobo anaita hiyo dhambi, na mimi sioni jina jingine la kuipa. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubu madhabahuni. Nilifurahi sana. Ila viti vyao vya mbele bado tunavitunza.

Sisi wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa, maana kanisa la huku limejengwa na watu wasio na kwao. Anayepita Kengeleni, hapa Mombasa, anaiona ile kengele ya Frere Town, makao waliyopewa watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870. Kule Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, aliwapokea watoro waliowakimbia mabwana zao, ingawa kuwapokea kulileta ugomvi mkubwa na wenye watumwa. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru palepale Rabai. Kabla ya siku hiyo walikuwa wakiishi, wakilima na kusali pamoja na wenyeji wa misheni. Hakuna aliyengoja hati ndipo awaone kuwa ni watu.

Naona tumezoea kudhani kwamba wema ni kutoa. Tunagawa unga na mafuta wakati wa Krismasi, tunapiga picha, kisha tunaondoka bila kujua jina la hata mmoja aliyepokea. Unga unashibisha, sikatai. Lakini anayetoa hubaki juu na anayepokea hubaki chini, na Jumapili inayofuata kila mmoja anarudi kiti chake.

Katika mfano wa Msamaria, Yesu alimfanya mtu wa dini iliyodharauliwa kuwa ndiye mwokoaji, na majeruhi akalazimika kupokea. Wakristo wa Mombasa tunalijua hili kwa matumbo yetu: ni wangapi tumelelewa na sahani za futari kutoka kwa jirani Mwislamu, bila kuulizwa tunasali wapi? Mtu anayekubali kulishwa na jirani yake hawezi kujiona bora kuliko yeye.

Nimewaandikia wazee wa kanisa letu kuomba karatasi za majina ziondolewe kwenye viti vya mstari wa kwanza, na anayewahi akae. Watalijadili katika kikao cha mwezi ujao.