Saa Kumi ya Nani?

Nilifanya kazi ya kutunza ghala katika mashamba ya mkonge kwa miaka 31, na katika muda huo wote niliwarudisha madereva wasio na idadi kwa sababu ya neno moja lililokosekana kwenye hati ya mzigo. Hati iliyosema "kamba, 40" bila kueleza kama ni mita 40 au marobota 40 haikuvuka geti langu hata kama mwenye nayo angelia. Natanguliza jambo hili ili msomaji aelewe ukubwa wa aibu iliyonipata Desemba iliyopita katika ufuko wa Raskazone, hapa Tanga, mbele ya mke wangu, shemeji yangu na familia yake, jogoo mmoja, na kina mama wasiopungua kumi waliokuwa wakitafuta pweza.

Shemeji yangu anaishi Southampton, Uingereza, ambako, kwa maelezo yake, watu hukodi boti za matanga kwa ajili ya mapumziko kama sisi tunavyokodi viti vya harusi. Alitaka watoto wake wawili waione pwani ya mababu zao kutoka majini: siku nne, kutoka Tanga hadi Pangani, kisha kisiwa cha Maziwe, kisha kurudi. Ilipatikana boti ya futi 36 pamoja na Nahodha na baharia mmoja, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mstaafu na nilikuwa na kalamu, nikateuliwa kuwa mkuu wa maandalizi.

Nakiri kwamba cheo hicho kilinilevya. Orodha yangu ilifikia vitu 63. Maji ya kunywa na kupikia niliyakadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na kwa watu wanane kwa siku nne hesabu ikawa lita 128, nami nikanunua madumu saba ya lita 20 ili ibaki akiba. Nilihakikisha kila mmoja ana jaketi okozi la kumtosha, na kwa jioni mbili mfululizo familia nzima ilikaa sebuleni imevaa majaketi hayo ikitazama taarifa ya habari, ili kila mtu auzoee mkanda wake. Palikuwa na dira, tochi mbili, fataki za dharura, sanduku la huduma ya kwanza, vidonge vya kichefuchefu, tangawizi na ndimu kwa wasioamini vidonge, gunia la machungwa ya Muheza, na karatasi niliyoiandika mwenyewe ya kumkumbusha kila msafiri kwamba redio ya boti huwekwa chaneli 16, ambayo ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada. Kitu cha 22 kilikuwa simu, ambazo usiku wa kuamkia safari zilipaswa kuzimwa ili kutunza chaji na kufungwa katika mfuko usiopitisha maji. Kitu cha 63 hakikuwa changu. Mama mkwe aliposikia kwamba tutakula samaki siku nne, alileta jogoo mzima ndani ya tenga na kusema kwamba mjukuu wake hatakwenda baharini kama yatima.

Nahodha ni mzee wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Moa, na alikuja nyumbani kwangu Chumbageni wiki moja kabla ya safari. Nilimwamkia, akanijibu "Marahaba, Bwana Stoo," akaipokea orodha yangu, akaitazama, akanirudishia bila kufungua ukurasa wa pili.

"Kwenda si kazi," alisema. "Kaskazi itatusukuma mgongoni mpaka Pangani. Kurudi ndiko kutakuwa kwa kubisha tu. Kubisha kutwa nzima."

Mke wangu, aliyekuwa akimimina kahawa, alimwomba asiwe na wasiwasi kwa hilo, kwa kuwa yeye na mumewe hubisha kutwa nzima hata wakiwa nchi kavu. Ilinibidi nimweleze kwamba kwa mabaharia kubisha ni kwenda dhidi ya upepo kwa kukata pembe huku na huku bila kufika upesi, naye akajibu kwamba hiyo ndiyo hasa maana aliyoikusudia.

Kisha nikamtajia mahema mawili ambayo shemeji alikuwa ameyanunua kwa ajili ya kulala Maziwe. Nahodha aliuliza kwa upole kama mahema hayo yana mkuku, ule uti wa chini ya boti. Kisiwa hicho, alinieleza, zamani kilikuwa na mivinje, lakini sasa ni fungu tupu la mchanga, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakijaa hulifunika lote. "Kasa wakitaga pale, mayai yao huhamishiwa Ushongo yasisombwe na maji. Nyinyi atawahamisha nani?" Mahema nikayafuta kwenye orodha kwa mstari mmoja mnyoofu.

Safari yetu ilikuwa imeangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu, yaani ndani ya bamvua lenyewe, wakati ambapo maji hapa Tanga hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Boti yetu ilikuwa na mkuku unaozama mita moja na nusu, kwa hiyo haikuweza kusogea ufukweni isipokuwa maji yamejaa. Shauri la Nahodha lilikuwa rahisi: ataisogeza boti maji yakiwa yamejaa, tupakie kwa nusu saa, tutoke pamoja na maji yanayopwa huku umande, yaani upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ukitusindikiza. "Maji yanajaa saa kumi," alisema. "Saa kumi tunapakia, tunaondoka."

Usiku huo nikamwandikia shemeji ujumbe: "Kupakia na kuondoka 10:00." Akajibu: "10:00, nimeelewa." Neno "alfajiri" sikuliandika. Nilikuwa naandika kwa kidole kimoja, na nilikwisha kuchoka kwa kuhesabu madumu.

Shemeji aliwasili siku nne baadaye akiwa na ratiba iliyochapwa kwa rangi tatu na kufunikwa plastiki, nakala moja ya mlango wa jokofu na nyingine za kila msafiri. Ilisema: 07:00 kuamka, 08:00 chai, 10:00 kupakia. Sitadanganya kwamba sikuona. Niliona, nikashangaa, nikajiambia kwamba bila shaka amezungumza na Nahodha wakabadilisha, kwa kuwa anayelipa ndiye mwenye saa. Ukweli wenyewe ni kwamba moyo wangu ulifurahi kuepushwa kuamka saa tisa usiku, na mtu akifurahi haulizi maswali. Jioni ya kuamkia safari tulikabidhiwa boti. Niliikagua kutoka tezi hadi omo, nikachungulia ngama, mahali maji yanapojikusanya chini ya sakafu, nikajifunza kupiga pampu ya choo chake mbele ya hadhira, nikatia saini, na kwa kuwa aliyetia saini ndiye anayepoteza amana kitu kikiharibika, nikauchukua ufunguo wa mashine pamoja na ule wa akiba na kuvitia kwenye mfuko usiopitisha maji. Nahodha aliniuliza kama nitavikumbuka asubuhi. Nilimwonyesha orodha. Kisha tukaenda nyumbani, tukazima simu, tukalala usingizi wa watu waliojiandaa.

Saa moja niliamka na kukuta kila chombo nyumbani kimejaa maji: ndoo, beseni, masufuria, hata birika la kahawa. Mama mkwe alieleza kwamba alfajiri, kabla ya adhana, alikuja kijana mwenye baiskeli akagonga geti kwa nguvu na kusema, "Mwambieni mzee maji yanaondoka." Yeye akadhani ni mtu wa bomba mwenye huruma anayepita kuwatahadharisha watu, akamshukuru, akajaza kila kitu, na hakutaka kuniamsha kwa jambo ambalo ameweza kulimaliza mwenyewe. Nilimsifu sana. Nilisema mbele ya wote kwamba kama kila nyumba ingekuwa na mtu mwenye tahadhari kama mama, mji huu ungekuwa mbali.

Saa nne kamili asubuhi kirikuu kilichobeba vitu 63 kasoro mahema kilisimama Raskazone, na bahari haikuwepo.

Ilikuwepo, bila shaka, lakini mbali, mstari mwembamba wa buluu ng'ambo ya uwanja mpana wa mchanga na matope. Katikati ya uwanja huo boti yetu ilikuwa imelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba, mlingoti wake ukielekea kusini kana kwamba wenyewe umekwisha kuanza safari ya Pangani. Kwenye kivuli chake Nahodha alikuwa ameketi juu ya mkeka akinywa kahawa, na kando yake alikuwa amelala kijana mwenye baiskeli.

"Shikamoo, Mzee," nilisema, kwa kuwa sikuwa na neno jingine.

"Marahaba, Bwana Stoo. Mmeamkaje?"

Alinisimulia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Saa kumi alikuwa ameisogeza boti kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na kamba, maji yakiwa yanaingia na kumsaidia, akitegemea kutoka kwa mashine mara tu nitakapofika na ufunguo. Alinipigia simu mara kumi na nne. Alimtuma kijana. Alipoona maji yanaanza kupwa alijaribu kuisukuma nje kwa upondo, lakini mkuku ulikuwa umekwisha kushika mchanga. "Nilingoja mno," alisema, "kwa sababu nilijua mtu mwenye orodha kama ile hawezi kuchelewa."

Shemeji alitoa ratiba yake na kuonyesha 10:00. Mimi nilitoa simu kwenye mfuko, nikaiwasha, nikaonyesha ujumbe wangu: 10:00. Nahodha, ambaye hasomi bila miwani na hakuwa na miwani, alisema kwamba yeye naye alisema saa kumi. Tulikuwa watu watatu waliokubaliana kabisa.

Ndipo nilipoketi mchangani na kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga wiki moja kabla. Saa yetu na saa ya Kizungu zinatofautiana kwa saa 6 kamili. Maji nayo, kutoka kujaa hadi kupwa, hutumia saa 6 na dakika chache. Ningekosea kwa saa moja tungekuta maji ya kutosha. Ningekosea hata kwa saa kumi na mbili, tungekuta yamejaa tena upya na Nahodha akicheka. Katika makosa yote ambayo mtu anaweza kuyafanya kuhusu wakati, nilikuwa nimechagua lile linalogeuza bahari iliyojaa pomoni kuwa mchanga mtupu. Nilimweleza mke wangu ugunduzi huo kwa msisimko fulani. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akavua jaketi okozi.

Shemeji, hata hivyo, ni mtu wa ratiba, na ratiba ilisema kupakia. Alidai kwamba kwa kweli tumebahatika, kwani sasa tunaweza kupakia kwa miguu bila kulowa. Nahodha alikuwa na lake la kusema, lakini alipotazama uso wa shemeji akaamua kumimina kahawa nyingine. Tukabeba. Madumu saba tuliyapachika ndani, yakateleza yote hadi upande wa chini na kutulia huko kwa kishindo. Gunia la machungwa lilifunguka mlangoni, na machungwa ya Muheza yakabingirika ubavuni mwa boti na kutawanyika ufukweni kote, jambo lililowavuta kina mama waliokuwa wakitafuta pweza, ambao walituokotea kwa ukarimu na kubaki na sehemu ya haki yao. Mmoja wao aliuliza kama boti hii inakwenda Pangani kwa barabara au kwa reli. Katika purukushani hiyo mtoto mdogo wa shemeji alikanyaga tenga, likavunjika, na jogoo akatoka, akatazama kulia na kushoto kwenye uwanja mpana kuliko wote aliopata kuuona maishani, akakimbia kuelekea Mombasa. Walimkamata kina mama kwa kanga, na malipo yake yalikuwa machungwa mengine.

Kufikia saa tisa maji yalikuwa yamerudi hadi kwenye ubavu wa boti, lakini boti haikunyanyuka. Yalipanda zaidi, nayo ikabaki imelala. Nahodha aliweka kikombe chini na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayelijua jibu, kama kuna kitu kizito upande ule. Basi mimi na shemeji, tukiwa ndani ya maji ya kiuno, tukaanza kuyatoa madumu saba tuliyoyapakia kwa fahari, kilo 140 za akiba yangu, na kuyarudisha nchi kavu moja baada ya jingine, huku kijana wa baiskeli akizuia mlango usiingize maji. Dumu la tano lilipotoka, boti ilitikisika. Lilipotoka la saba, ikainuka taratibu na kusimama wima.

Nahodha aliliangalia jua. "Saa kumi," alisema. "Kama tulivyopatana."

Alikataa kupita kwenye miamba usiku, kwa hiyo siku ya kwanza ya safari yetu ilikuwa ya kuvuka hori, yaani ghuba ndogo, na kutia nanga karibu na kisiwa cha Toten, ambacho watoto walikifurahia mpaka mama yao alipowaambia kwamba jina hilo ni la Kijerumani na maana yake ni wafu, na kwamba kina makaburi ya kweli. Kwa kuwa tenga lilikuwa limevunjika na jogoo amekataa kukaa chini ya benchi, Nahodha alimchinja, na mke wangu akampika kwa nazi. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kama tumefika Pangani. Shemeji alizitazama taa za Raskazone, karibu kiasi cha kuweza kuzihesabu, akajibu kwamba tunaendelea vizuri.

Tulipokuwa tunakula, mtoto mkubwa aliuliza kesho tunaondoka saa ngapi. Watu wazima wote tuliinamia sahani. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu niandike saa, alfajiri au jioni, ya Kiswahili au ya Kizungu, kwa maneno na kwa tarakimu, lakini Nahodha alinizuia kwa mkono.

"Saa hatutaki tena," alisema. "Tunaondoka jogoo la kwanza."

Hakuna aliyejibu. Sote tulikuwa tunatazama sufuria.